Picha Moja ya Nyonga, Madaktari Wawili

Bi Ziada mpendwa, nakuandikia unisaidie, maana nyumbani kwangu kuna furaha na mimi peke yangu ndiye ninayejua nilichokificha. Naishi huku ugenini, mtaa wa Vårby gård, na mume wangu Method na binti yetu Domina wa miaka mitano, na mwaka jana, 1974, mtoto alianza kuchechemea akilalamikia goti, tukampeleka hospitali akapigwa picha ya eksirei, kumbe goti ni zima, ugonjwa uko kwenye nyonga, damu haifiki vizuri kwenye kichwa cha mfupa wa paja, na daktari akatueleza kwamba siku hizi wanaupanga ugonjwa huo katika makundi manne, la kwanza jepesi, la nne zito, akasema, "Domina yuko kundi la pili, na kwa umri wake natarajia apone bila vyuma wala kupasuliwa. Aogelee, asirukeruke, mmlete kila miezi mitatu." Method alifurahi mno, na kweli mtoto maumivu yamepungua, nami ningetulia kama si mtoto wa jirani mwenye ugonjwa huohuo aliyefungwa vyuma vya miguu, nikajiuliza mbona wangu hakupewa, au kwa sababu sisi wageni, nikaiazima picha kimyakimya nikampelekea daktari mwingine kule Farsta, naye akasema ni kundi la tatu, afungwe vyuma, akaniandikia barua ambayo nimeificha chini ya unga wiki ya tatu sasa, maana nikisema, Method atajua nilimzunguka, na nikinyamaza mtoto anaweza kulemaa. Nimwamini nani?

Leokadia

Dada Leokadia, pole sana. Mama kuogopa si kosa. Lakini barua ya daktari chini ya unga! Unamficha nani, Method au mwanao?

Kundi sitakutajia, mimi si daktari. Nimemuuliza nesi ninayemwamini, akaniambia madaktari wawili wazuri huweza kuitazama picha moja wakatofautiana, hasa mapema, kabla mfupa haujaonyesha umeathirika kiasi gani. Kundi linawasaidia kukisia yajayo, na bado wanapima umri na jinsi mguu unavyofunguka kwenda pembeni. Kwa hiyo mwambie Method leo, kabla hamjala. Kesho piga simu kwa daktari wa kwanza, mpe barua ile, omba picha mpya, na umuulize waziwazi ni nini kitamfanya abadili uamuzi. Miezi mitatu usiingoje.

Ziada

Bi Ziada, nimefanya. Method alinuna siku mbili, kisha akasema, "Ungeniambia, tungeenda wote." Tukaenda wote. Daktari hakukasirika, aliiweka picha mpya kando ya ile ya zamani, akampigia simu mwenzake wa Farsta, wakazungumza kirefu. Wamekubaliana ni kundi la pili, mguu unafunguka vizuri, vyuma havihitajiki kwa sasa. "Siwezi kuahidi," alisema, "lakini natarajia mema." Nilikwenda nikitaka ahadi, lakini neno hilo limenitosha. Alipomuuliza Domina kama panauma, mtoto alijibu mwenyewe kwa lugha ya huku, "Nej," yaani hapana, akateremka kitandani kabla sijamshika, akaanza kutafuta viatu vyake.

Leokadia