Sahani ya Lynn

Jumatatu, 26 Mei 2025
Kliniki Voi, mimi na mke wangu Valarie. Binti yetu Lynn kilo kumi na nne! Miaka sita, na amepungua. Anakula ugali mweupe mkavu na viazi vya kuchemsha, basi. Mchuzi ukigusa ugali, sahani inaruka. Mable, mtaalamu wa lishe, akasema usonji wa Lynn si ukaidi — harufu na ulaini wa chakula vinamtesa mtoto kweli. Tuweke maharagwe matatu kando. Asipogusa, tutoe. Tusimlazimishe kamwe. Valarie aliandika yote. Mimi niliangalia saa, nilikuwa na kipindi shuleni.

Alhamisi, 29 Mei
Siku ya nne. Hajagusa. Leo punje moja ya maharagwe ilibingirika ikagusa ugali, akajigonga ukutani hadi paji likavimba. Ndugu yangu Fanuel alikuwepo. Akacheka — shule nzima inakutetemekea, Mwalimu, halafu katoto kanakutawala! Nikayatoa maharagwe. Lakini neno liliniingia.

Jumamosi, 31 Mei
Niandike tu.
Valarie alikuwa ameenda kuteka maji. Foleni siku hizi hapa Sagalla ni nusu siku. Nikampakata Lynn, nikambana mikono. Fanuel akashika kichwa. Nikamziba pua afungue mdomo, nikasukuma kijiko cha maharagwe. Akaniuma kidole hadi karibu na mfupa. Nikampiga. Si kofi. Ngumi! Kijiko kilikuwa bado mdomoni.
Jino limetoka. Damu kwenye ugali. Lynn akautazama ule wekundu — ndipo akapiga yowe.
Valarie aliingia na mtungi kichwani. Alichukua mwiko akanipiga usoni, tena, tena, hadi mwiko ukavunjika. Fanuel akatorokea shambani. Nikabaki nimesimama. Sikujikinga.

Jumapili, 1 Juni
Wameondoka kwa bodaboda asubuhi. Kwao Valarie, Mraru. Sikuenda kanisani na uso huu. Nimeosha sakafu mara mbili. Jino nimelipata chini ya kiti. La mbele.
Fanuel akaja, eti mke anayempiga mume hurudishwa kwa viboko, twende tukamlete. Nikamkaba koo. Nikamgongesha mlangoni mpaka akalia jina la marehemu baba yetu. Nikamwachilia. Mkono ni ule ule uliompiga Lynn.

Jumatano, 4 Juni
Nimekwenda kwa Mable peke yangu, nikamweleza. Hakunifariji. Akasema lazima apeleke habari ofisi ya watoto. Sawa, nikasema. Valarie alimpeleka Lynn kliniki Jumatatu: kumi na tatu na nusu. Maziwa kidogo tu. Akiona kijiko anafunga mdomo.
— Mwalimu, akasema, sasa kila kijiko ni mkono wako.
Nimetembea hadi stendi bila kujua nimefikaje.

Jumamosi, 7 Juni
Mraru. Nimekuja kuomba msamaha. Baba mkwe, Mzee Nehemiah, hakunipa mkono. Akanionyesha kigoda uani, mbali.
Lynn akatoka na sahani yake. Akaniona. Sahani chini! Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akaanza kujigonga kichwa kwenye mwimo wa mlango. Paa! Paa! Valarie akamkumbatia kwa nyuma huku akinipigia kelele: Toka asikuone! Baba Lynn, toka!
Nimezunguka nyuma ya jiko. Hapa ndipo ninapoandika, daftari gotini. Kelele zimepungua. Zimeisha. Namsikia Valarie akiweka sahani nyingine.
Lynn anatafuna. Ni kiazi, bila shaka. Anatafuna! Wiki nzima maziwa tu, na sasa anakula kwa sababu siko machoni pake.
Ndugu za Valarie wameingia langoni, Mwangangi na Maundu. Wana fimbo. Wamejua niko wapi. Maundu anapaza sauti nitoke kama mwanamume.
Nimeweka kidole kwenye midomo yangu, wanyamaze. Nimewaambia polepole: nitatoka, sikimbii. Ngojeni amalize kula, kelele zinamtisha.
Mwangangi amesimama. Anasikiliza. Amekalia jiwe, fimbo mapajani.
Maundu bado anakuja.