Sukari Imezidi

Kaka Bun-hiong,

Shikamoo. Sisi hapa Tainan joto linatupika, na harusi ya binti yangu Pei-shan ndiyo hiyo imewadia. Mkishafika kutoka Taipei, mpeleke wifi sokoni alfajiri akanywe supu ya ng'ombe, maana haichelewi kwisha. Kisha mkazuru hekalu la Mungu wa Vita. Pembeni yake kuna mama anauza tambi za kamba wa baharini, hizo msizikose.

Ila nakuomba, funga domo lako! Siku ya posa ulimuuliza baba yake bwana harusi, "Hizi ni tambi au halua?" Na mzee wa watu kazipika mwenyewe! Chakula cha Tainan kina sukari, na ndicho kilichokukuza. Popote ninapokutuma, kula, sifia, nyamaza.

Isipokuwa kwa Mama. Atakupikia uji wa samaki mwatiko. Siku hizi anatia sukari, anasahau, anatia tena. Juzi aliniuliza mimi ni binti wa nani. Basi ukionja tu, lalamika kama zamani: "Mama, sukari imezidi!"

Akikujibu, "Kapike mwenyewe!" ujue amekutambua.

Mdogo wako mwenye mdomo,
Siok-bi