Mwanafunzi Mpya wa Kimwani

Kimwani, Juni 1957

Kaka yangu mpendwa Rugaibula,

Salamu zikufikie huko Tabora. Nathanieli, uliyesoma naye Makerere, sasa ni daktari Bukoba, na hata sokoni haendi bila tai! Alistidia, niliyekaa naye chumba kimoja chuoni, amejifungua mapacha huko Bilele, na bado anafundisha.

Mimi nafundisha watoto asubuhi, watu wazima alasiri. Unajua Tata, baba yetu huyu, hajasema nami tangu nilipokataa kuolewa nikaenda chuoni. Basi jana alasiri aliingia darasani na fimbo yake. Wazee ninaowafundisha wakageuka kumtazama. Nikaogopa, nikapiga magoti kumwamkia.

“Inuka, mwanangu,” akasema. “Mwalimu hampigii magoti mwanafunzi. Nionyeshe pa kukaa.”

Kaka, nililia mbele ya darasa zima, na wazee wakapiga makofi. Tata akakaa benchi la mbele, akaandika “a” mpaka chaki ikamwishia mkononi. Leo asubuhi ameniletea mkungu wa ndizi, akaniuliza kama “b” ni ngumu kuliko “a”. Nimemwambia ni ngumu kidogo. Amefurahi sana.

Mdogo wako akupendaye,
Penina