Kitenge Kwenye Benchi la Dirishani

Hapana, Mama Zawadi, sijaoa. Najua hilo ndilo swali lako la kwanza, hata kabla hujauliza mtoto kala nini. Mwanamke uko kwa Mungu, umezungukwa na malaika, bado unataka kujua nani anamkorogea mumeo chai. Anakoroga mwenyewe. Sukari anazidisha. Kwa hiyo wivu wako uweke chini upumzike, maana safari hii mwenye wivu ni mimi.

Ndio, mimi. Cheka tu.

Nimekaa hapa Kibirizi, juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Mwezi umejaa, na unajua mwezi ukijaa dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala nchi kavu, sisi wachuuzi tunabaki kutazamana. Kwa hiyo nina nafasi. Nikasema leo nimwandikie mke wangu, maana tangu tuoane sijawahi kumaliza maneno mawili hujanikatiza. Mwandiko nivumilie. Shule niliacha darasa la nne, tulikuwa bado hatujafika kwenye nukta.

Wivu wenyewe ulianzia Kidahwe, siku tunakuzika. Mchungaji kasimama pale kaburini, kasema dada yetu amekwenda kwa Bwana arusi wake. Na mimi nimesimama hapo hapo, nimevaa koti lile lile nililokuolea. Nikajitazama koti. Nikamtazama mchungaji. Bwana arusi si ndio huyu hapa? Kaka yako akanikanyaga mguu, alijua mdomo wangu unataka kufunguka. Lakini sema kweli, Mama Zawadi. Mimi kwenu nilituma mshenga. Nilipeleka mbuzi, nikapeleka majembe, nikakalishwa mkekani na shangazi zako wakanihoji kama mwizi wa kuku. Huyu wako kapita bila hata hodi.

Watu walicheka nilipowasimulia matangani. Na mimi nikacheka. Wakaondoka na kicheko chao, wivu ukabaki na mimi.

Na kusema kweli haukuanzia pale. Uliniingia kule hospitali, zile siku za mwisho. Mimi nimekushika mkono, wewe umegeukia ukutani, midomo inacheza, unatabasamu. Nikauliza unaongea na nani. Ukasema, "Siongei na wewe." Basi. Mtu umemlisha uji kwa kijiko, umemfulia, umebishana na manesi kwa ajili yake, halafu tabasamu lile la Kidahwe, lile nililolipata nikiwa kijana nikadhani ni langu peke yangu, analipeleka ukutani.

Halafu kuna Mama Stela.

Unamkumbuka, najua. Kitanda cha pili yako, yule mwembamba wa Mwanga ambaye mume wake anatengeneza baiskeli. Mlipasuliwa wiki moja. Mchungaji aliyewaombea mmoja, mafuta ya kupakwa chupa moja, hata uji wenu ulitoka sufuria moja kwa sababu Baba Stela kupika hajui. Yeye karudi nyumbani kwa miguu yake. Wewe tukakupakia.

Nisikilize vizuri. Simwombei mabaya. Ila nilikuwa nikipita kwao na pikipiki, nimebeba mawese ya watu, nasikia wanagombana ndani. Baba Stela anasema mboga haina chumvi, mama anasema chumvi anunue yeye. Nikazima pikipiki. Nikakaa pale nasikiliza ugomvi wa watu kama redio. Nilitaka kugombana na mtu juu ya chumvi, Mama Zawadi. Hicho ndicho nilichokuwa nacho, na sikujua kama ni kitu.

Sasa kanisani. We unajua mimi na kanisa, tulikuwa tunaamkiana kwa mbali. Na unajua lile benchi la dirishani, upande unaoona ziwa. Kila Jumapili unakaa mwisho kabisa, na pembeni yako unatandika kitenge chako cha Kongo, kile cha ndege wekundu. Hapo pa Baba Zawadi. Tabia hii uliitoa huku mwaloni, ufukweni tunapouzia dagaa. Huku mwanamke akifunika beseni lake mchangani, hapo pana mtu, hata kama hayupo. Anaweza kwenda kujifungua akarudi, beseni halijaguswa. Ukaipeleka kanisani. Wanawake wakakucheka, "Hao ndege wako leo tena wamekaa bila mwanaume?" Na wewe unajibu kwa Kiha, "Ego, ndiyo, anakuja." Nilikuja Krismasi. Nilikuja harusi ya dada yako. Siku nyingine zote ndege ndio walisikiliza mahubiri.

Ulipokwisha kuondoka sikwenda hata hiyo Krismasi. Nilikwenda siku moja tu kwa sababu Zawadi alikuwa anaimba na watoto, nimemsuka mwenyewe, kichwa kinafanana na wavu uliong'atwa na mamba. Naingia, nachungulia benchi la dirishani. Mama Stela kakaa. Kwako kabisa, mgongo kwenye ukuta wako. Na pembeni yake, pale pangu, katandika kanga. Yaani kachukua mbili, kama aliyenunua benchi zima. Halafu akasimama kutoa ushuhuda. Bwana ameniponya, akasema, na watu wakapiga vigelegele. Mimi nikatoka nje. Nikasimama nyuma ya choo cha kanisa nikimsubiri mtoto, na nikamwuliza Mungu, kwa sauti kabisa, yule ana nini ambacho mke wangu hakuwa nacho.

Hajanijibu hadi leo. Nakwambia mapema usije ukadhani barua hii itafika kwenye jibu.

Jumapili iliyofuata niliwahi kabla ya kengele. Nikatandika kitenge chako, nafasi zote mbili, nikakaa kwenye ncha ya benchi kama mlinzi wa benki. Mama Stela akaja, akaona, akaenda kukaa nyuma. Wiki nyingine tena. Na nyingine. Yule jirani yetu wa Ujiji, Bi Mwamvita, akiniona napita alfajiri na kitenge kwapani ananitania, "Baba Zawadi, siku hizi wewe ndiye unayeiamsha kengele? Mkeo kakuombea miaka yote hukuamka, kumbe dawa yako ilikuwa wivu." Hata Mwislamu alishaona. Mzee Filimoni, mzee wetu wa kanisa, alikuwa anakuja anatazama benchi tupu, anatazama watu waliosimama, anakohoa, anaondoka. Nani atamwambia mfiwa aondoe kitenge?

Sasa shida ya ulinzi ni moja. Mlinzi haruhusiwi kuziba masikio. Nimekwenda kulinda benchi, mahubiri yanaingia bure. Siku moja wakasoma pale Yesu anawaaga rafiki zake, anawaambia wasisikitike sana, yeye anatangulia tu kuwaandalia mahali. Nilishtuka. Nikasema, hiyo kazi ni ya mke wangu. Nani kamfundisha nani? Nikaona kwa nini mmepatana. Na wivu ukazidi, maana niliona mnafanana.

Halafu ikaja ile mvua. Nilikuwa nimeanika dagaa, mtaji wote uko mchangani, jua zuri. Wewe ndiye uliyekuwa unainusa mvua, ukisema kusanya tunakusanya. Mimi pua yangu inanusa mteja tu. Ikateremka kutoka milimani kwa kelele. Wenzangu wanakimbia na maturubai, mimi nimekaa chini katikati ya dagaa, nimelowa, miguu imekataa. Sio kwa ajili ya dagaa. Nilikuwa nasubiri uniite mjinga. Nilisubiri kweli, nikatega sikio. Kimya.

Nikamwita Mungu kwa Kiha chako, nikasema, "Imana, mimi si mtu wako. Mimi ni mume wa mtu wako. Nisimamishe."

Nikasimama. Hakuna ngurumo, hakuna sauti, mvua haikukoma na nusu ya dagaa iliharibika, nikauzia wenye kuku. Ila nilisimama, Mama Zawadi, na kabla ya pale sikuwa na uwezo huo. Nilisimama nikachukua fagio. Tangu siku ile kila asubuhi naomba hicho hicho, nisimamishwe, na kila asubuhi nasimama. Sijui kama hiyo ndiyo imani uliyokuwa unaniambia. Nilidhani ni kubwa zaidi.

Nifike kwenye sikukuu ya mavuno. Kanisa limejaa, mikungu ya ndizi hadi mlangoni, jogoo wa mtu anawika katikati ya sala. Mimi niko kwenye ncha yangu, ndege wako wametanda. Mama Stela kaingia kachelewa, bado anatembea polepole, mkono tumboni, na siku hiyo nyuma kumejaa. Akaja hadi kwangu. Akasimama. Mimi nikatazama dari. Dari la kanisa letu halina kitu, ila nililitazama. Nikamsikia Mzee Filimoni anakohoa kikohozi cha mwaka.

Akainama akashika pindo la kitenge. Akasema, "Shemeji, hiki nimekilalia mimi."

Nikageuka.

Akasema siku aliyolazwa wodi haikuwa na kitanda, na usiku sisi wanaume tumeshafukuzwa. Kwamba ulisogea ukutani, na kidonda chako kile, ukatandika kitenge, ukapigapiga godoro, ukasema, "Mwenzangu, hapa nimekuwekea." Kwamba mlilala hivyo hadi kesho yake alipopata chake. Na kwamba ukamwambia, "Mume wangu ni mchelewaji. Wewe ukitoka kabla yangu, ukae pangu, umtandikie pembeni. Atakuja."

"Nikakutandikia kanga yangu, shemeji. Siku ile ya ushuhuda. Ukakimbia."

Mama Zawadi.

Ile kanga ilikuwa yangu.

Mtu mzima niliyekulia mwaloni, najua beseni na mwenye beseni, najua kila alama ya kila mwanamke mchangani, nikaona nguo imetandikwa pembeni ya mtu nisijiulize anawekewa nani. Nikaona imechukua nafasi, sikuona imeniwekea. Wiki zote zile nimempeleka nyuma mwanamke mwenye mshono, mwanamke uliyemtuma wewe.

Nikakunja kitenge upande wa dirishani, nikapigapiga benchi kwa kiganja, kama ulivyokuwa unanifanyia wewe. Akakaa. Akashusha pumzi. Na mimi nikasogea, nikakaa juu ya ndege. Pana joto pale, hukuniambia. Jua linapiga moja kwa moja, na ziwa linaonekana hadi milima ya Kongo. Mzee Filimoni akaacha kukohoa, nadhani amepona kabisa.

Usidhani nimekuwa malaika. Wivu bado ninao. Jumapili iliyopita Baba Stela kambebea mkewe Biblia, nikatamani ajikwae kidogo, kidogo tu. Na nikiimba ule wimbo uliokuwa unaupenda, nafika katikati nanyamaza, kwa sababu nakumbuka kuna mwingine sasa anakusikia unauimba, na ni mimi niliyezoea kuusikia jikoni. Nimemwambia hivyo hivyo kwenye sala. Nimesema, wewe Bwana, una malaika wote hao, kwaya nzima. Mimi nilikuwa na sauti moja. Sijaficha. Na sijafukuzwa. Kila nikimaliza kulalamika bado nimekaa pale pale, sina hasira ya kutosha kutoka nje.

Zawadi mzima. Nywele sasa anasukwa na Mama Stela, mamba kaachana na wavu. Mtaji unarudi taratibu. Kaburi lako nililipalilia juzi, ule mmea wa maua ya njano umeshika.

Sasa nikae chini kama mfanyabiashara, tumalize.

Nimefikiri hivi. Nafasi anawekewa mtu anayekuja. Hakuna mwanamke mwaloni anayemfunikia beseni mtu aliyehama. Mimi nimekulindia benchi wiki zote zile, na wewe huku huji tena. Imenichukua muda kulisema, lakini huji. Anayekuja ni mimi. Tulikuwa tumekosea tu upande wa kuweka.

Kwa hiyo dili ni hili. Mimi huku sikuwekei tena nafasi. Pako panakaliwa na Mama Stela, na nitapiga makofi akitoa ushuhuda, makofi ya kweli. Zawadi nitamlea hadi asimame mwenyewe, na nikianguka nitaomba kusimamishwa, asubuhi kwa asubuhi. Wewe huko nitandikie. Pembeni yako, upande wa dirisha kama lipo. Wakikucheka, wajibu kama zamani. Na huyo Bwana arusi wako mwambie nakuja na wivu wangu wote, asishangae, tutazungumza wanaume wawili, yeye ataongea zaidi.

Ukikubali, nyamaza hivyo hivyo. Ukikataa, nikatize.