Kikombe Kilichonishinda

Kitui, Alhamisi. Septemba, jua kali, vumbi mpaka kwenye meno.

Leo nimeaibika, na aibu yenyewe nimejipikia mwenyewe.

Mwezi wa nne baraza la mji liliniambia mimi, Bwana Afya wao, nichague pa kutupa takataka za soko. Kulikuwa na machimbo ya zamani ya murram, ule udongo wa barabara, mbali kidogo lakini hakuna mto karibu. Kulikuwa na wazo la kuchambua kwanza pale pale sokoni: makopo kwa mafundi wa taa za koroboi, tairi kuukuu kwa washona viatu vya akala, maganda kwa mbuzi, kinachobaki ndicho kitupwe. Na kulikuwa na korongo la nyuma ya soko, ambalo hata trekta yetu mbovu inalifikia.

Nilichagua korongo. Nikapiga taipu kwenye ripoti: "Eneo halitumiwi na watu." Nilikuwa nimelikagua wakati wa mvua, mto umejaa, hakuna mtu. Basi nikajiambia nimeandika nilichoona.

Uongo mtupu.

Mimi ni Mkamba wa hapa hapa. Nilijua korongo lile linamwaga kwenye mto wa mchanga. Nilijua mvua ikiisha akina mama hushuka kuchimba vithima, visima vifupi, kwenye mchanga huo, na kuteka maji kwa kibuyu mpaka mvua nyingine. Nimekuzwa na maji hayo. Lakini mwenyekiti wa baraza hakutaka taka karibu na shamba lake kule machimboni, na mimi nilitaka aniite mtu wa maana. Akaniita.

Leo nimepita kwa mama mdogo Kalekye, aliyenilea mama alipofariki. Nilimkuta mtoni, amepiga magoti ndani ya kithima chake, kile alichozungushia miiba ng'ombe wasiingie. Kando yake alikuwa amepanga vitu alivyochimbua: betri za redio, vipande vya chupa, kopo la dawa ya kuoshea ng'ombe. Amevipanga vizuri, kama mwenye navyo atakuja kuvichukua.

Alifurahi kuniona, jamani. Akasuuza kikombe, akateka, akanipa kwa mikono miwili. Kwetu mgeni haulizwi habari kabla ya maji.

Nikasema nimetoka kunywa chai.

Alikiangalia kikombe, akaniangalia mimi, kisha akauliza polepole: "Musyoka, kuna kitu unajua juu ya haya maji?"

Nikasema hapana. Halafu nikamweleza yote, hata habari ya mwenyekiti. Angenitukana ningepumua. Aliuliza tu kama ni haya yaliyowaharisha wajukuu wiki jana.

Akamwaga kikombe. Akaanza kufukia kithima kwa mikono yake. Nilipiga magoti na suruali yangu ya ofisi nikafukia naye mpaka mchanga ukalingana.

Ripoti nimeitoa kwenye faili. Ile sentensi nimeikata kwa kalamu, juu yake nimeandika: "Mama yangu anachota maji hapa." Kesho nitaisoma mbele ya kamati ya baraza, mwenyekiti akiwa amekaa pale pale. Naogopa, sitaficha.

Kamati inakaa saa tatu asubuhi. Saa hiyo mama mdogo atakuwa bado njiani na debe lake, akifuata maji ya mbali.