Haro Ndogo ya Shamba la Theta

Mpendwa Baba,

Nakuandikia mapema kabla kaka Kimani hajaja kukupa maneno yake. Wiki iliyopita nusura uhamishwe na shamba liuzwe.

Unakumbuka tulipong'oa kahawa hapa Theta ukapanda nyasi za ng'ombe? Ardhi ilibaki na mashimo ya visiki, na fuko wakaongeza vichuguu vyao. Kila ukimaliza kusawazisha ulikuwa unavua gambuti, unatembea peku kutoka getini hadi kwenye kona, macho juu. Ukijikwaa unasema, "Bado, Maitu." Ulikuwa unaniita mama yako kwa sababu nimebeba jina lake, na mimi nilikuwa najiona mkubwa kweli.

Tangu tukuzike kwenye kona hiyo, fuko wamerudi. Msimu huu mashine ya kukata nyasi ilivunja kisu kwenye kichuguu, na kaka yangu akachoka. "Tukate ploti tuuze," akasema. "Baba tutamhamishia makaburi ya Thika."

Ai, Baba! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yako. Mwishowe akakubali kwamba shamba likiwa sawa siku ya Ijumaa, mpima ardhi akija kukata ploti, atamrudisha bila kupima.

Tukaenda Ruiru kutafuta haro ya kukokotwa na trekta, ivunje vichuguu na kusawazisha udongo. Kimani aliiendea moja kwa moja ile kubwa, sahani zake za chuma za kukatia udongo zinanifika magotini. Muuzaji akaisifu, ati inakata chochote. Nikamuuliza itageukia wapi kule kwenye kona yako.

"Hiyo kona utaiacha, mama, ama upite juu tu."

Upite juu! Nikachukua ndogo, inayotosha trekta letu. Kimani akacheka, "Hiyo ni ya kukuna mgongo."

Jumatano mvua ikanyesha. Alhamisi nikafinya udongo kwa ngumi kama ulivyonifundisha, nikauangusha. Haukuvunjika. Kimani akanipigia kelele nianze, siku inaisha. Aki sikuanza, nikangoja. Udongo mbichi ukiuharakisha unakauka mabonge, na hayo ni mabaya kuliko fuko.

Ijumaa asubuhi udongo ukavunjika. Nikafunga magunia ya mchanga juu ya haro ili ipate uzito, nikazinyoosha sahani kidogo zisichimbe sana, nikapita kwa urefu, kisha kwa upana. Mpima ardhi alinikuta nikikuzunguka polepole, na sikugusa hata kokoto moja ya kaburi lako.

 Kimani alivua viatu, akavua na soksi, akaanza kutembea kutoka getini, macho juu. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, nikiiangalia miguu yake. Hakujikwaa. Alipofika kwako akakaa chini, akalia vile hakulia siku tulipokuzika.

Mpima ardhi akarudisha vigingi vyake kwenye gari.

Lala hapo hapo, Baba.

Ni mimi,
Maitu wako