Nimebadilisha Oili ya Difu Mwenyewe

Saginaw, Michigan
Jumatatu, baada ya kahawa

Kwa dada yangu mpenzi Vernice,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na wote wa hapo nyumbani Alabama. Natumaini barua hii itakukuta barazani, miguu juu ya kigoda, goti limetulia, na yule jogoo wako mkorofi ameshaingia kwenye sufuria. Ukitaka kujua habari zangu, mimi ni mzima, nakula, nalala, na sauti yangu kanisani bado inawafunika waimbaji wote wa besi hata wakijumlishwa pamoja. Muulize yeyote.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu huwa unanikatiza, na habari hii sitaki kukatizwa. Tena mwandiko ni wangu mwenyewe, sikumpa mtu aniandikie. Shule niliiacha darasa la nne nikaenda kuchuma pamba, unajua, lakini herufi zangu zinasimama wima kuliko za wengine waliomaliza. Ukikuta kosa, liruke uendelee mbele.

Habari yenyewe ni ya gari. Usianze kuguna. Ile Shevele yangu nyekundu ya mwaka sabini, niliyoinunua mpya kwa jasho la kiwanda cha kuyeyushia chuma, bado inang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye mlango wake. Silinda nane. Nikiiwasha, vikombe vya jirani yangu Thurman vinacheza kabatini kwake. Thurman naye ana gari lake la bluu, analisifu kila siku, na mimi humwachia tu, kwa huruma.

Sasa sikiliza. Tangu Februari nilipoyagonga mapipa ya taka ya kanisa, Lavonne binti yangu amekuwa akinidai funguo. Nilimweleza, nikawaeleza na wazee wa kanisa, kwamba breki ziliteleza kwenye barafu. Yeye akasema baba, una miaka sabini na tisa, na siku ile barafu haikuwepo. Unamjua Lavonne. Anaendesha basi la shule, watoto wamejaa nyuma yake wanapiga kelele kama banda la kuku, naye hageuzi hata shingo. Anakutazama tu kwenye kioo, unakaa. Mimi ndiye niliyemzaa, na hata mimi nakaa.

Tulibishana mpaka theluji ikaisha. Mwisho nikamwambia hivi: mtu anayeweza kubadilisha oili ya difu kwa mikono yake, nyumbani kwake, bila msaada wa mtu, huyo hanyang'anywi funguo. Nikiweza, wewe habari ya funguo huisemi tena mpaka nizikwe. Nikishindwa, zipo hapo msumarini, chukua. Akasema sawa baba, Jumamosi nitakuja nikae nione, wala sitagusa kitu.

Wewe difu umeliona bila kulijua. Ni lile tumbo la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, linalogawa nguvu za injini huku na huku. Ndani mna meno makubwa yanayoogelea kwenye oili nzito. Oili ikichoka, meno yanasagana, na gari linaanza kulia kama mbwa aliyefungiwa nje. Langu lilikuwa halijalia, lakini mwenye gari la heshima hangoji lilie.

Mtaa wetu una desturi. Mtu akifungua difu, wazee tuliofanya nao kazi kiwandani huja na viti vyao vya kukunja, wanakaa mbele ya gereji, wanakunywa soda na kutoa hukumu. Hakuna anayealikwa, na hakuna anayesaidia, maana kumsaidia mtu chini ya gari lake ni kumtukana. Jumamosi wakaja, Thurman mbele kabisa na mfuko wa karanga za kuchemsha. Lavonne akaketi kwenye ngazi za mlango wa jikoni, kavaa suruali nyeupe kama mtu anayekwenda harusini, ili kila mtu aone kwamba hakuja kufanya kazi.

Nikalipandisha gari kwa jeki, nikaliweka juu ya stendi zake, nikalitikisa kuhakikisha, nikajilaza juu ya katoni. Thurman akauliza kama mchungaji aitwe sasa hivi au wangoje kwanza nikwame. Nikamwambia atafune karanga zake polepole, maana zikimpalia sina mkono wa kumpiga mgongoni. Akasema kwa jinsi ninavyohema, huenda tukapaliwa pamoja. Wazee wakacheka, nami nikamjibu tena, naye akanijibu, na huku nafungua bolti za kifuniko moja baada ya nyingine. Nikaingiza bisibisi ukingoni, nikachokonoa, oili kuukuu ikaporomoka kwenye karai. Dada, ile harufu. Mayai viza yaliyosahaulika garini mwezi wa Agosti. Lavonne akafunga mlango wa jikoni nyumba isije ikanuka mpaka Pasaka ijayo.

Nikachovya vidole kwenye oili ile, nikaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, maana hivyo ndivyo unavyojua kama mna chenga za chuma. Thurman akauliza, vipi, ina mchanga? Nikasema laini kama siagi. Wakatikisa vichwa, wakanipa heshima yangu.

Kisha Thurman, kwa sauti ya upole kabisa, kama anayeulizia hali ya wajukuu, akasema, Odell, kizibo cha kujazia ulikijaribu?

Hapo sina budi nikueleze. Kila kijana niliyemfundisha kazi, na ni wengi kuliko unavyofikiri, alilisikia neno hili kutoka kwangu mpaka likamchosha: kabla hujamwaga oili kuukuu, hakikisha kizibo cha tundu la kujazia kinafunguka. Ukishamwaga, halafu kizibo kikagoma, huna pa kupitishia mpya, na gari lako limekuwa sanamu. Mimi mwenye neno, kwa kushindana na Thurman kwa mdomo, nilikuwa nimemwaga kwanza. Thurman aliliona tangu bolti ya kwanza. Akangoja karai lijae.

Nikajibu kwamba nilikijaribu jana. Mzee mmoja akavua kofia, kama watu wanavyofanya jeneza likipita.

Kizibo kilikuwa kimeganda kabisa. Nikakipulizia dawa ya kutu, nikakigongagonga kwa nyundo ndogo, nikatia mpini wa spana, nikavuta. Hakikutikisika. Nikaongeza kipande cha bomba kwenye mpini uwe mrefu, nikavuta tena. Thurman akasema gari hili limelelewa vizuri, linamwambia mzee wake apumzike. Kutoka pale chini nilikuwa naona viatu vya Lavonne. Vilisimama, vikakaribia hatua chache, vikarudi kwenye ngazi. Alikuwa ameahidi kutogusa, na yule mtoto akiahidi ameahidi. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kizibo, lakini akili ilikuwa msumarini zinakoning'inia funguo.

Nikagonga tena, nikakiacha kinywe dawa. Kisha nikakanyaga ukuta wa gereji kwa miguu yote miwili, nikalishika bomba na kuvuta kwa mgongo wangu wote, huu huu uliobeba chuma kiwandani. Kikapiga kelele kali, kikaachia. Wazee wakapiga makofi. Thurman alipiga kidogo, lakini alipiga.

Baada ya hapo kazi ilikwenda kama maji. Nikapangusa ndani mpaka meno yakameta, nikakwangua gasketi ya zamani, nikaweka mpya, nikafunga kifuniko kwa kukatiza, bolti ya hapa kisha ya upande wa pili, kama inavyotakiwa. Nikatia kile kichupa cha dawa ambacho difu la aina hii halisamehe ukikisahau, maana litanguruma kila kona. Nikaanza kupiga oili mpya kwa pampu ya mkono.

Sasa, Vernice, kujaa kwake hakuna kipimo. Unaingiza ncha ya kidole kwenye tundu, unaikunja chini. Ukigusa oili, imefika, unafunga. Basi nikaingiza kidole. Thurman akauliza, imefika? Nikasema bado. Nikapiga pampu, nikaingiza kidole, nikasema bado. Nikapiga tena. Thurman akasema Odell unajaza difu au bwawa la kuogelea? Nikamwambia difu la mwanamume lina tumbo kubwa.

Nikaona suruali nyeupe inapiga magoti kwenye sakafu. Lavonne akainamisha kichwa chini ya gari, akaniambia kwa sauti ndogo, baba, inakutiririka mpaka kwenye kiwiko.

Nikatazama. Mkono wote ulikuwa umelowa, na mimi sikujua. Dada, sikuhisi kitu. Si ubaridi, si utelezi, si chochote. Kidole kilikuwa ndani ya oili kitambo, nami nasema bado. Na ile laini kama siagi niliyowaambia wazee, niliipima kwa macho tu.

Nikamtazama mwanangu, naye akanitazama, akaelewa yote. Ninayekueleza habari hizi ni mtu asiyesifu ovyo, kwa hiyo shika neno hili. Angeweza kusimama pale pale akasema mbele ya wazee, mmeona, baba hawezi. Alikuwa na haki. Badala yake akachukua kitambaa, akanifuta mkono kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni, akanipa kizibo, akangoja nikifunge mwenyewe. Kisha akainuka na magoti yake meusi, akawaambia, mzee amemaliza, mmeona wenyewe, na mimi nimeshindwa. Akaenda kwenye msumari, akazileta funguo, akaniwekea mkononi.

Wazee wakakunja viti. Thurman akasema angeifanya kazi ile kwa nusu ya kelele, akanipa karanga zilizobaki. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote alizowahi kunipa.

Tukashusha gari, nikaingia nyuma ya usukani, Lavonne pembeni yangu, ili tulijaribu gari barabarani. Nikaliwasha. Likanguruma vile ninavyolijua. Nikauweka mguu, na hapo sasa ndipo ninapotaka usikilize bila kunikatiza. Sikujua mguu uko wapi. Ilibidi niiname nitazame. Ulikuwa kwenye kanyagio la mafuta, nami nilidhani ni breki.

Breki zangu hazikuteleza Februari, Vernice. Breki zile ni nzima, nilizifunga mwenyewe. Muuguzi wa zahanati aliniambia tangu baridi inaanza kwamba kisukari kimekula hisia za miguu, mikono inafuata. Nikamwambia yeye ni mtoto na aniachie miguu yangu. Pale kwenye mapipa, dakika chache kabla, watoto wa kwaya walikuwa wamesimama. Hilo sikumwambia mtu. Nakuambia wewe.

Nikazima injini, nikatoka, nikazunguka mbele ya gari, nikamfungulia mlango, nikamwambia sogea kule, endesha. Akasema baba, umeshinda, mimi neno langu ni neno. Nikamwambia ndiyo maana nakupa funguo. Aliyeshindwa ananyang'anywa, mimi nimeshinda, kwa hiyo nagawa ninavyotaka. Akalia kidogo, akajifuta kwa kile kitambaa cha oili, uso ukawa kama wa fundi.

Halafu ungemwona. Alilitoa kinyumenyume bila kugusa ukingo. Kwenye barabara ya mtoni akaliachia mbio, mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti, na kwenye kona ile kali difu halikutoa hata sauti. Nimeendesha gari lile tangu lilipokuwa jipya, na sikuwahi kukaa upande wa pili nikalisikia. Ni zuri, dada. Na mikono yake kwenye usukani inajua kila kitu kinachogusa. Sijui alijifunza wapi. Kwangu, nafikiri.

Julai tutakuja huko, yeye anaendesha, mimi namwelekeza, naye hatanisikiliza. Kesho asubuhi ananipeleka zahanati kumwona yule muuguzi. Na wewe nenda ukapimwe miguu, usiniambie ni goti tu. Nisalimie kanisa lote, wapwa wote, na yeyote anayenikumbuka kwa wema, wengine waache.

Thurman nimemwambia kwamba jua lilinipiga machoni nikaamua kupumzika. Akikupigia simu, jua lilikuwa kali sana.

Ni mimi mdogo wako,
Odell Pettway